Sanaa ya Kuacha: Ogden Codman, Majumba ya Pwani na Jina la Leopolda

1. Utangulizi

Wahenga wametuachia methali isemayo kwamba nyumba njema si mlango. Mara nyingi tunaitumia kumwonya kijana anayetafuta mchumba, au mnunuzi anayevutwa na sura ya nje ya bidhaa. Katika makala haya tunakusudia kuichukua methali hiyo kwa maana yake ya kwanza, yaani kama kanuni ya kuhakiki nyumba. Tutaingia katika majumba machache ya kifahari yaliyo kando ya bahari, huko Marekani na Ufaransa, tukifuata nyayo za msanifu majengo mmoja aitwaye Ogden Codman, aliyezaliwa mwaka 1863 na kufariki mwaka 1951.

Msomaji ana haki ya kuuliza: mtu huyu ana uhusiano gani na jarida la masomo ya Kiswahili, tena linalotoka Kongo? Tunajibu kwa mambo mawili. Kwanza, jumba linalohesabiwa kuwa kilele cha kazi yake, lililoko Villefranche-sur-Mer katika pwani ya kusini ya Ufaransa, linaitwa La Leopolda. Jina hilo latokana na Leopold II, mfalme wa Wabelgiji, aliyeimiliki nchi yetu tangu mwaka 1885 hadi 1908 bila kuikanyaga hata siku moja. Pili, Codman hakuwa fundi wa mawe tu, bali alikuwa pia mwandishi. Kitabu alichokitunga pamoja na mwenzake kuhusu upambaji wa nyumba kinasomwa hadi leo katika vyuo vya usanifu. Nasi katika Kiswahili cha Kongo tunayo maandishi kuhusu nyumba za matajiri, yaliyotungwa na watu walioishi upande wa jikoni. Maandishi hayo mawili hayajawahi, kwa kadiri ya ufahamu wetu, kuwekwa juu ya meza moja. Hiyo ndiyo kazi tunayoijaribu hapa.

Hoja yetu kwa ufupi ni hii: Codman alikuwa bwana wa sanaa ya kuacha. Ubora wake wote, na upungufu wake wote, vinatoka katika chemchemi hiyo moja.

2. Maisha ya msanifu

Codman alizaliwa Boston tarehe 19 Januari 1863, katika ukoo wa zamani wa jimbo la Massachusetts. Ukoo huo ulikuwa na nyumba ya shamba huko Lincoln, nje kidogo ya Boston, iliyojengwa katika karne ya 18. Nyumba hiyo, yenye madirisha yaliyopangwa kwa ulinganifu na vyumba vyenye vipimo vya kutuliza macho, ilikuwa shule yake ya kwanza. Mwaka 1872 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya mji wa Boston na kutikisa mali ya baba yake. Miaka michache baadaye familia ikahamia Dinard, mji wa pwani katika Bretagne, kaskazini-magharibi ya Ufaransa, ambako maisha yalikuwa nafuu kwa Wamarekani waliopungukiwa.

Tunasisitiza jambo hili kwa sababu linaeleza mengi yanayofuata. Kijana huyu alikulia katika mji wa mapumziko kando ya bahari, miongoni mwa watu wenye uwezo, huku kwao wakihesabu fedha. Alijifunza mapema jinsi nyumba inavyoweza kutunza heshima ya ukoo hata pale mfuko unapokuwa mtupu. Aliporudi Marekani katika miaka ya 1880 alisoma usanifu kwa muda mfupi tu katika chuo cha teknolojia cha Boston, wala hakukaa hadi kupata shahada. Elimu yake kubwa aliipata kwa kupima nyumba za kale kwa mikono yake mwenyewe, na kwa wajomba zake wawili, mmoja msanifu majengo na mwingine mpambaji. Mwaka 1891 alifungua ofisi yake Boston, na muda si mrefu akawa na kazi Newport na New York.

Mwaka 1904 alimwoa Leila Griswold Webb, mjane wa tajiri wa reli. Mke huyo alifariki mwaka 1910. Mwaka 1920 Codman aliiacha Marekani, akahamia Ufaransa, na huko ndiko alikomalizia maisha yake, katika kasri la Grégy, si mbali na Paris, Januari 1951. Katika miaka hiyo alikusanya kumbukumbu za maelfu ya makasri ya Ufaransa, akiyaorodhesha kadi kwa kadi. Tunaye basi mtu aliyependa nyumba kuliko kitu kingine chochote. Jambo hilo lazima tulikiri kabla ya kumhukumu.

3. Newport, au "vibanda" vya matajiri

Mji wa Newport uko kisiwani, katika jimbo la Rhode Island. Mwishoni mwa karne ya 19, matajiri wa New York walijenga huko majumba ya kukaa wiki chache tu za majira ya joto. Kwa majivuno yaliyojifanya unyenyekevu, waliyaita "vibanda". Kimojawapo cha vibanda hivyo ni The Breakers, jumba la Cornelius Vanderbilt II, mrithi wa mali ya reli. Lilisanifiwa na Richard Morris Hunt na kumalizika mwaka 1895. Lina vyumba 70, na vingi kati ya hivyo vilikuwa vya watumishi.

Codman aliingia katika jumba hilo kwa njia ya urafiki. Mwaka 1893 mwandishi Edith Wharton alikuwa amenunua nyumba Newport iitwayo Land's End, iliyotazama bahari kuu, akamwita Codman aitengeneze. Wharton alifurahishwa na kazi, akampeleka kwa Vanderbilt, naye akapewa vyumba vya kulala vya ghorofa za juu.

Anayepanda ngazi za The Breakers hata leo, maana jumba hilo sasa ni makumbusho, huona tofauti hiyo kwa macho. Chini, katika kumbi za wageni, kuna marumaru, dhahabu, nguzo na michoro ya darini, kila inchi ikipiga kelele. Juu, katika vyumba vya Codman, kuta ni za rangi nyepesi, mbao zimepakwa rangi nyeupe au ya kijivu, viti ni vichache, na madirisha yameachwa yafanye kazi yake ya kuingiza mwanga wa bahari. Jumba hilo moja limejengwa kwa kanuni mbili zinazopingana. Kanuni ya chini ni kuongeza. Kanuni ya juu ni kuacha. Kama tungeulizwa mahali pa kulala, bila shaka tungechagua juu.

Kanuni hiyo aliiendeleza katika nyumba alizozisanifu mwenyewe toka msingi hadi paa. Miongoni mwake ni ile ya binamu yake Martha Codman, iliyojengwa mwaka 1910 hapo hapo Newport, yenye sura tulivu ya nyumba za Marekani na Uingereza za karne ya 18. Hapa hakuna kilichozidi. Vipimo vya dirisha vinapatana na vipimo vya ukuta, na ukuta unapatana na paa. Mhakiki mwadilifu hana budi kusema kwamba mtu huyu alijua kazi yake.

4. Kitabu cha mwaka 1897

Kutokana na kazi ya Land's End, Wharton na Codman walitunga kitabu kiitwacho The Decoration of Houses, kilichochapishwa New York mwaka 1897. Baadaye Wharton alikuja kuwa mwandishi mashuhuri wa riwaya, lakini kitabu hiki kilitangulia riwaya zake zote. Urafiki wao uliingia ufa miaka michache baadaye, walipogombana kuhusu malipo wakati Wharton alipokuwa akijenga nyumba yake The Mount, huko Lenox. Usanifu wa jumba hilo ukapewa mtu mwingine, na Codman akabaki na upambaji wa ndani. Kitabu hata hivyo kilidumu.

Hoja yake kuu ni rahisi kueleza. Upambaji wa ndani ni tawi la usanifu majengo, si kazi ya muuza mapazia. Chumba hakipambwi kwa kurundikiwa vitu. Kinapambwa kwa uwiano wa kuta, milango, madirisha na dari. Mlango uwe mlango, nao ufungike, ili aliye ndani apate faragha. Dirisha lisizibwe kwa matabaka ya vitambaa. Jiko la kuotea moto liwe mahali ambapo watu wanaweza kweli kukaa na kuota moto. Kila chumba kifae kwa kazi yake. Katika zama zile, ambapo nyumba ya tajiri ilijaa mahameli, vinyago vya kauri na mitende ndani ya vyungu, maneno hayo yalikuwa kama kufungua dirisha katika chumba chenye moshi.

Katika sura ya mwisho waandishi wanafikia wazo ambalo kwetu ndilo moyo wa kitabu. Wanasema, kwa maneno yetu sisi, kwamba kazi ya sanaa hudumu kwa nguvu ya vile vilivyoachwa nje yake, na kwamba bwana wa kazi hutambulikana kwa busara yake ya kuacha. Mshairi wa Kiswahili hatashangazwa na wazo hilo. Naye anajua kwamba ubeti hubebwa pia na neno ambalo mtunzi amelizuia.

Lakini mhakiki anapokubali kanuni, ana wajibu wa kuirudisha kwa mwenyewe. Tukifungua faharasa ya kitabu hicho tunaona sura kuhusu kuta, milango, madirisha, dari na sakafu, ukumbi na ngazi, sebule, vyumba vya dansi na muziki, maktaba, chumba cha kulia, vyumba vya kulala, hata chumba cha watoto na cha masomo yao. Hakuna sura ya jikoni. Hakuna sura ya vyumba vya watumishi. Waandishi wanaosisitiza kwamba kila chumba kifae kwa kazi yake hawana sura hata moja kwa vyumba ambamo kazi yenyewe ilifanyika. Chakula kinatokea mezani, moto unawaka, shuka zimenyooshwa, na mkono uliofanya hayo umeachwa nje. Je, nayo ni busara ya kuacha? Au ni kuacha kwa namna nyingine, ambako kunahitaji jina jingine?

5. La Leopolda: ardhi na jumba

Sasa tuhamie Ufaransa. Kati ya Nice na Monaco kuna ghuba ya Villefranche, na upande wake wa mashariki rasi ya Cap Ferrat imeingia baharini kama kidole. Tangu miaka ya 1890, Leopold II alianza kununua ardhi katika sehemu hizo, kiwanja baada ya kiwanja, hata akawa miongoni mwa wamiliki wakubwa kabisa wa pwani ile. Huko alijenga na kutengeneza majumba kwa ajili yake na kwa ajili ya watu wake wa karibu, akiwemo mwanamke kijana Blanche Delacroix, aliyekuwa mpenzi wake wa uzeeni. Nyumba moja aliyomjengea padri wake ilikuja kuwa makao ya mwandishi Mwingereza Somerset Maugham.

Fedha zilitoka wapi? Swali hilo liliulizwa Ubelgiji kwenyewe. Mwaka 1896 mfalme alikuwa ameanzisha Fondation de la Couronne, yaani Wakfu wa Taji, na kuupa eneo la Kongo la takriban kilomita za mraba 250,000, zaidi ya mara 8 ya Ubelgiji nzima. Mapato ya eneo hilo, hasa mpira na pembe za ndovu, hayakuingia katika hazina ya umma. Mwaka 1906 Félicien Cattier, profesa wa Bruxelles, alichapisha uchunguzi ulioonyesha jinsi Wakfu huo ulivyonunua viwanja na kujenga majengo Ulaya. Yale yaliyotendeka katika misitu ya mpira yanajulikana: vijiji vilivyolazimishwa kuleta kiasi kilichopangwa, wanawake waliofungwa mateka hadi waume zao warudi na mzigo, mikono iliyokatwa. Ripoti ya balozi Roger Casement ilitolewa mwaka 1904, na tume ya uchunguzi aliyoiunda mfalme mwenyewe ilisikiliza mashahidi mwaka 1904 na 1905. Ubelgiji ilipoichukua Kongo mwezi Novemba 1908, mfalme alitengewa faranga milioni 50 kama ishara ya shukrani kwa alichojitolea kwa ajili ya Kongo, na mzigo wa malipo hayo ukaelekezwa kwa koloni lenyewe. Mwaka mmoja baadaye, Desemba 1909, akafa.

Codman aliipata ardhi ya La Leopolda miaka mingi baada ya kifo hicho, baada ya wamiliki wengine kupita. Kati ya mwaka 1929 na 1931, akiwa na umri wa miaka 66 hadi 68, aliyabadilisha majengo aliyoyakuta mlimani na kusimamisha jumba lake kuu. Hakuwa na mteja wa kumridhisha, kwa kuwa mteja alikuwa yeye mwenyewe. Alichukua kila alichojifunza toka Lincoln, Dinard na Newport, na kila alichokipima katika makasri ya Ufaransa na Italia, akakiweka pale. Sura ya mbele ni ndefu na tulivu. Bustani zinateremka kwa matuta, na ngazi pana zinapita kati ya miberoshi zikielekea bahari. Mtazamaji wa filamu ya Kiingereza The Red Shoes, ya mwaka 1948, ameziona ngazi hizo, maana mchezaji dansi wa hadithi ile anazipanda akiwa amevaa gauni la sherehe, kwenda kumwona bwana atakayetawala maisha yake.

Kwa upande wa usanifu, hatuna lawama. Jumba ni kubwa mno, lakini ukubwa wake umefichwa kwa uwiano, hata jicho halichoki. Hapo ndipo kejeli inapoanza. Mtu aliyefundisha kiasi katika kitabu alijijengea jumba asiloweza kuliishi. Mdororo mkubwa wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulipunguza mali yake, na gharama za kuliendesha zikamshinda. Akalazimika kutafuta wapangaji. Yasimuliwa kwamba Edward, aliyeacha kiti cha ufalme wa Uingereza mwaka 1936, alitaka kulipanga, lakini masharti ya Codman yakawa mengi mno, mapatano yakavunjika. Baada yake jumba lilipita mikononi mwa matajiri mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2008 mnunuzi kutoka Urusi alikubali kulinunua kwa mamia ya milioni za euro, kisha akajitoa, na mahakama za Ufaransa zikaamua kwamba malipo yake ya awali, yapata milioni 39, hayatarudishwa. Magazeti ya dunia yaliandika sana juu ya bei. Machache yaliuliza Leopolda ni jina la nani.

6. Jina na neno

Sisi wa masomo ya lugha tuna desturi ya kuanza na majina. Katika nchi yetu jina la Leopold lilifutwa katika ramani. Léopoldville iliitwa Kinshasa mwaka 1966. Ziwa Leopold II, lililokuwa ndani ya eneo lile lile la Wakfu wa Taji, lilipewa jina la Mai-Ndombe, yaani maji meusi. Jina lililoondoka katika ziwa ambako mpira ulitoka limebaki juu ya mlango wa jumba lililojengwa katika milki ya mfalme. Tena limebaki katika umbo la kike, jepesi, lenye mlio wa Kiitaliano, kama jina la binti au la ua. Mtu analitamka bila kujikwaa. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba katika jumba lile lote, ambamo kila kilichozidi kimeachwa nje, jina ndilo kitu cha pekee kinachosema ukweli.

Kiswahili kinatupa neno la kuendeleza uchunguzi huu. Neno hilo ni kiasi. Kwanza kiasi ni kipimo: kiasi gani? Pili ni tabia njema: mtu wa kiasi ni yule asiyezidisha. Tatu, kiasi ni kile anachotakiwa mtu kutoa, kama tulivyosema juu ya vijiji vya mpira. Codman alikuwa mwalimu wa kiasi kwa maana ya kwanza, na kitabu chake kinadai kufundisha pia kiasi cha maana ya pili. Lakini jumba la La Leopolda limesimama juu ya kiasi cha maana ya tatu, na juu ya hicho msanifu hakuwa na rula ya kupimia. Alipima uwiano kati ya ukuta na dirisha. Hakupima uwiano kati ya bustani moja na msitu mmoja.

7. Maandishi kutoka jikoni

Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, André Yav alikusanya na kuandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji kama walivyoijua maboyi, yaani watumishi wa nyumba za Wazungu. Maandishi hayo, yajulikanayo kama Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, yalienezwa kwa nakala chache, hadi Johannes Fabian alipoyachapisha mwaka 1990 pamoja na tafsiri na maelezo. Wanaisimu wameyachunguza kwa sababu ya sarufi yake na tahajia yake isiyofuata Kiswahili sanifu. Wanahistoria wameyachunguza kwa sababu ya habari zake. Sisi tunapendekeza yasomwe pia kama kitabu kuhusu nyumba.

Maana nani aliijua nyumba ya Elisabethville zaidi ya boyi? Bwana aliijua sebule na chumba cha kulia. Boyi alivijua hivyo, na juu yake akaijua jiko, stoo, kufulia, na kibanda cha nyuma kilichoitwa boyerie, alikolala yeye. Hapa kuna kibanda cha kweli, si kile cha Newport. Katika maandishi haya mabwana wanatazamwa na kuhesabiwa na wale walioamriwa wasionekane. Kitabu cha 1897 kinaiona nyumba kwa jicho la anayeketi. Cha 1965 kinaiona kwa jicho la anayesimama nyuma ya kiti. Cha kwanza kina lugha iliyonyooka, picha nzuri na mchapishaji mashuhuri. Cha pili kina lugha iliyochanganyika na nakala hafifu. Lakini cha pili kina sura ambayo cha kwanza kiliiacha.

Hatusemi kwamba Yav alikuwa akimjibu Codman. Tunasema tu kwamba mwanafunzi anayesoma kimoja bila kingine amepewa nusu ya nyumba.

8. Ubishi na majibu

Mtu ataweza kutupinga kwa hoja mbili, nazo zote mbili ni nzito.

Hoja ya kwanza: Codman hakukata mkono wa mtu. Alinunua ardhi kwa watu wengine, miaka 20 baada ya mfalme kufa. Tukimshtaki yeye, itatubidi kumshtaki kila anayeishi katika nyumba ya zamani. Tunakubali. Makala haya si mahakama, wala hatutafuti mshtakiwa. Tunachohakiki ni kanuni ya sanaa iliyomwezesha mtu mwenye macho makali kiasi kile asione. Mtu aliyeorodhesha makasri kwa maelfu alikuwa na uwezo wa kuuliza historia ya kila jiwe. Kuacha swali hilo lilikuwa chaguo la mtindo, na chaguo la mtindo ni mali ya mhakiki.

Hoja ya pili inatuuma zaidi, kwa kuwa inatoka nyumbani. Si Leopold peke yake aliyepeleka mali ya Kongo katika pwani ile. Mobutu alikuwa na jumba lake, Villa del Mare, huko Roquebrune-Cap-Martin, upande wa pili wa Monaco, mwendo mfupi tu kutoka Villefranche. Na kule Gbadolite, msituni, alijenga majumba ya marumaru ambayo yaliporwa mwaka 1997, siku utawala wake ulipoanguka. Je, tuna haki ya kumnyooshea kidole msanifu wa Boston? Tunadhani tunayo, kwa sharti moja, kwamba tutumie kipimo kile kile kwa wote. Mali ya nchi hii imeifikia bahari ile mara mbili, kwa mkono wa mgeni na kwa mkono wa mwenyeji, na mara zote mbili waliofanya kazi waliachwa nje ya picha. Mhakiki anayeona mara ya kwanza tu ni mzalendo wa nusu. Anayeona ya pili tu amesahau alikojifunzia yule wa pili.

9. Hitimisho

Tumemfuata Ogden Codman toka nyumba ya shamba ya Lincoln hadi ngazi za La Leopolda. Tumekiri kipaji chake: aliwafundisha matajiri wa zama zake kwamba uzuri hauko katika wingi, na vyumba vyake vya Newport vinaendelea kuushuhudia ukweli huo. Tumeonyesha pia mpaka wake. Kuacha kipambo kisichofaa ni sanaa. Kumwacha mtu aliyebeba nyumba ni jambo jingine, na uzuri wa uwiano hauwezi kulifidia.

Kwa wanafunzi wetu tuna pendekezo moja la kazi. Wazee waliotumika katika nyumba za Elisabethville, Bukavu na Stanleyville wamebaki wachache mno, lakini watoto na wajukuu wao wapo, na majina ya vyumba, vyombo na kazi za nyumba zile bado yamo vinywani mwao. Baadhi ya majina hayo hayamo katika kamusi yoyote ya Kiswahili. Yakusanywe, chumba kwa chumba, kuanzia jikoni. Yakiisha kukusanywa, tutakuwa tumeanza kuiandika kwa Kiswahili ile sura ambayo kitabu cha mwaka 1897 hakikuwa nayo, na mwanafunzi atakayekuja baada yetu ataweza kuingia katika nyumba ile kwa mlango wa nyuma pia.